Sikio, Kalamu na Spana

Saa nane usiku kiwanda cha sukari kiko macho. Vinu vinakamua, makapi ya miwa yanapanda na ukanda kwenda kulisha boila, na harufu ya juisi inayochemka imeingia hadi kwenye nyuzi za nguo. Katikati ya makelele hayo kijana mwendeshaji wa pampu za juisi anasimama ghafla. Amesikia kitu. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye kasha la beringi, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Pampu ya kwanza inavuma sawasawa. Ya pili nayo inavuma, lakini chini ya mvumo huo kuna mkwaruzo mwembamba, kama punje ya mchanga inayozungushwa ndani ya kopo. Anaigusa kwa kiganja: ina joto kuliko mwenzake. Haizimi wala hampigii mtu simu. Anakwenda mezani, anachukua kalamu, anaandika.

Kalamu ile ndiyo ninayoisifu leo. Spana haikosi wa kuisifu. Fundi anayetoka chini ya mtambo akiwa na grisi hadi viwikoni hupokewa kwa shangwe, na anaistahili. Lakini kutoka sikio lililosikia mkwaruzo hadi spana itakayouondoa kuna safari, na kinachoivusha habari katika safari hiyo ni kipande cha karatasi: kadi ya kazi. Karakanani wengi huiita jobu kadi. Wakubwa wengi huihesabu kuwa urasimu, jambo la kujazwa ili mkaguzi aridhike. Mimi nimekaa karibu na watu wanaoiandika na kuifuatilia, na nimeona kwamba huu ni ufundi kamili, wenye mabingwa na wanagenzi wake, kama ulivyo useremala.

Kiwanda cha sukari ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu, kwa sababu muwa haumsubiri mtu. Ukishakatwa unaanza kupoteza sukari yake. Vimeng'enya vyake vyenyewe na bakteria wanaoingilia kwenye majeraha ya panga huivunjavunja, na kila saa inayopita juani ni hasara. Ukikaa siku mbili uwanjani kwa sababu kinu kimesimama, mkulima ameshapunjwa kabla hata haujapimwa utamu. Tena msimu ukishaanza, kiwanda hakina mahali pa kupumulia. Nchini Tanzania viwanda hivi husimama wakati wa masika, barabara za mashambani zinapokuwa tope, na hapo ndipo rola za vinu hushushwa, meno yake yakajazwa kwa kuchomelewa, na mabomba ya boila yakakaguliwa moja moja. Masika yakiisha, msimu unaanza, na kuanzia hapo kila kazi ya ukarabati lazima ijipenyeze katika nafasi finyu. Atakayeipata nafasi hiyo ni yule aliyeandika mapema.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Kadi mbaya huwa fupi na ina hasira: "Pampu mbovu. Haraka sana." Pampu ipi, kati ya makumi yaliyomo kiwandani? Mbovu kwa namna gani? Tangu lini? Fundi akiipokea kadi hiyo anaanza kazi kwa kutembea: anakwenda kuitafuta pampu, kisha kumtafuta aliyeandika, ambaye zamu yake imekwisha na amelala, kisha stoo, kisha anarudi tena kwenye pampu kusoma namba ambayo stoo wameiuliza. Jua linakuwa la utosi na spana haijagusa nati.

Kadi ya kijana wetu ilisema hivi: "Pampu ya juisi namba mbili, beringi ya upande wa mota. Mkwaruzo mwembamba. Nimeusikia saa nane usiku, zamu ya jana haikuandika kitu. Joto linazidi la namba moja ukishika kwa mkono. Haitikisiki. Inasukuma kama kawaida. Matone machache ya juisi kwenye sili."

Maneno yenyewe hayajai kiganja. Lakini angalia alivyojizuia. Hakuandika sababu, kwa kuwa hakuijua. Hakuandika "beringi imekufa", kwa kuwa haikuwa imekufa. Aliandika alichokisikia, alichokigusa na alichokiona, akaweka mahali na saa. Hata yale matone machache, ambayo hakujua kama yanahusika, aliyaandika. Kutenganisha kile unachokishuhudia na kile unachokidhania ni kazi ngumu. Mahakimu na madaktari husomea miaka. Huyu alijifunza kwa kusimama kando ya pampu.

Asubuhi kadi ilimfikia mpangaji wa kazi za matengenezo, fundi wa zamani ambaye vijana humwita Mzee wa Kadi. Alimwahi kijana langoni, begi mgongoni, akielekea nyumbani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dakika tano tu, ukanionyeshe uliposikia."

Wakarudi wote wawili. Hapo nilijifunza jambo la kwanza kuhusu kazi ya mpangaji: kadi husomewa kwenye mtambo. Ofisini kila pampu inafanana na mwenzake. Ukisimama mbele yake ndipo unaona bomba la mvuke linapita juu, kwamba mota haitoki bila kunyanyuliwa kwa winchi, na kwamba upande wa kushoto mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuchuchumaa. Mzee aliyaandika yote hayo nyuma ya kadi.

Kisha akafungua jalada la pampu. Ndani yake kulikuwa na namba ya beringi: 6312 C3. Wanaoijua lugha hii huisoma namba hiyo kama wewe unavyosoma jina la mtu pamoja na ukoo wake. Tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa tano: 12 mara 5 ni 60, na hiyo ndiyo milimita 60 ya tundu litakalopokea shafti. Kipenyo cha nje ni milimita 130, unene milimita 31. Hiyo C3 inasema nafasi kati ya gololi na njia zake ni kubwa kidogo kuliko ya kawaida, ili chuma kikipata joto na kutanuka, beringi isijibane yenyewe. Asiyeandika namba hiyo kwenye kadi anamwachia fundi kazi ya kubahatisha. Na beringi iliyobahatishwa huzunguka vizuri siku ya kwanza, jambo ambalo ndilo la hatari.

Akaenda stoo mwenyewe. Beringi ilikuwepo. Akaomba na sili, ingawa hakuna aliyeilalamikia, kwa sababu kadi ilikuwa imetaja matone. Akaongeza gasketi, grisi ya aina iliyoandikwa kwenye jalada, pula ya kutolea beringi ya zamani, na kifaa cha kupashia moto ile mpya. Beringi haipigwi nyundo ikaingia. Hupashwa hadi karibu nyuzi 110 za Selsiasi, ikatanuka, ikateleza kwenye shafti kwa mikono miwili iliyovaa glovu. Isipite nyuzi 125, chuma chake kisije kikapoteza ugumu. Vitu vyote viliwekwa kwenye sanduku moja la bati lenye namba ya kadi kwenye kifuniko chake, likafungwa, likawekwa rafuni.

Sanduku lile ni zuri. Nasema zuri kwa maana ileile ya mlango uliochongwa au jahazi lililokaa sawa majini. Ndani yake kuna saa ambazo mafundi wawili hawatazipoteza. Doc Palmer, mhandisi wa Marekani aliyeandika kitabu kinachotumiwa sana katika fani hii, anaeleza kwamba katika viwanda visivyopanga kazi, fundi huwa na zana mkononi kwa asilimia 25 hadi 35 tu ya siku yake. Muda uliobaki anatembea, anasubiri, anatafuta, anauliza. Hesabu yake ni kwamba upangaji mzuri huweza kuufikisha muda huo asilimia 55, na hapo mafundi 30 hutoa kazi ya mafundi 47. Hakuna aliyeongezewa mbio wala kunyimwa chai. Wameondolewa safari za bure, basi.

Likabaki swali la lini. Kila mwandishi wa kadi huamini kadi yake ndiyo ya haraka, na karakana inayoamini kila haraka huishia kuzima moto kutwa. Mzee wa Kadi huuliza maswali mawili: Mtambo huu ukisimama leo, nini kinasimama pamoja nao? Na tuna muda gani kabla haujasimama? Pampu namba mbili ina mwenzake wa akiba, na mkwaruzo wake ulikuwa bado mchanga. Akaipangia Jumatano ya wiki iliyofuata, siku ambayo kiwanda kingesimama kwa saa kadhaa ili magamba yasuguliwe ndani ya mabomba ya matangi ya kuvukizia juisi. Katika kusimama huko huko kwa lazima, pampu ingepata zamu yake bila kumchelewesha mkulima hata mmoja. Hadi siku hiyo ifike, akaagiza joto la beringi lipimwe kila zamu na kuandikwa. Likipanda ghafla, wasiingoje Jumatano.

Jumatano ilikuwa fupi, na hiyo ndiyo sifa yake. Umeme ulikatwa, swichi ikafungwa kwa kufuli, ufunguo ukaingia mfukoni mwa fundi mwenyewe. Sanduku likafunguliwa kando ya pampu. Mafundi wawili walikadiriwa saa nne, wakatumia tatu na nusu, pamoja na muda wa kulinganisha shafti ya mota na ya pampu ili zizunguke kwenye mstari mmoja. Hapakuwa na kelele wala mtu aliyekimbia. Mgeni angepita asijue kwamba kuna jambo kubwa limefanyika.

Katika viwanda vingi kazi huishia hapo. Pampu inazunguka, kadi inaandikwa neno moja, "Imerekebishwa", inatupwa kwenye boksi. Neno hilo ni la kweli na halina faida yoyote. Mafundi wetu waliandika: "Beringi ya upande wa mota, njia ya nje imeliwa sehemu moja. Grisi ina maji na imenata kama asali. Sili imekatika mdomo, juisi imepita hadi kwenye beringi. Tumebadilisha vyote viwili. Beringi ya upande wa pili ni nzima."

Hapa yale matone machache yamerudi. Beringi haikufa kwa uzee. Iliuawa na sili. Mtu angebadilisha beringi peke yake, juisi ingeendelea kupenya, na baada ya wiki kadhaa kadi mpya ingeandikwa, kisha nyingine, mpaka meneja angesema beringi za siku hizi ni mbovu. Shahidi wa usiku ule, aliyeandika asichokielewa kwa kuwa tu alikiona, ndiye aliyeokoa beringi iliyofuata. Wahenga wa biashara za pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa na ngano na mchele akilini, lakini chuma nacho ni mali, na upotevu wake huanza vivyo hivyo, kwa kitu kidogo ambacho hakikuandikwa.

Kadi zilizofungwa vizuri, zikikusanywa, hufundisha mambo ambayo hakuna fundi mmoja angeyaona. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia Conrad Waddington na wenzake walipewa kazi ya kuchunguza kwa nini ndege za Uingereza za kuwinda nyambizi zilikuwa zikikaa chini muda mrefu. Walizichambua kumbukumbu za matengenezo na kukuta jambo la kushangaza: hitilafu zilizidi mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, kisha zikapungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ukizichokoza ndege zilizokuwa nzima. Baadhi ya kazi ziliondolewa kwenye orodha, vipindi vikarefushwa, na ndege zikaruka zaidi. Kitabu cha Waddington kuhusu kazi hiyo kilichapishwa 1973. Mimi huwafikiria mafundi wasiojulikana ambao, katika baridi na kelele za viwanja vile, waliandika kwa uaminifu nini kiliharibika na baada ya saa ngapi. Bila wao mwanasayansi asingekuwa na cha kuchambua.

Na kadi ikikosekana? Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilizimika na wafanyakazi wa zamu ya usiku wakataka kuwasha ya pili. Walijua kuna kibali cha ukarabati mkubwa wa pampu hiyo, na kwamba ukarabati ule ulikuwa haujaanza. Ambacho hawakukijua ni kwamba kulikuwa na kibali kingine: mchana wa siku hiyo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamewekwa kifuniko cha muda. Kazi ilikuwa haijakwisha zamu ilipobadilishana, na habari hiyo haikuvuka kutoka mikono ya mchana kwenda ya usiku. Waliiwasha. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Cullen ilitoa ripoti yake 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na mfumo wa vibali vya kazi na makabidhiano ya zamu ulikuwa miongoni mwa mambo iliyoyasema kwa uzito mkubwa. Tangu niliposoma habari hiyo, sijaweza tena kuiita kadi karatasi tu. Ni amana inayotoka kwa mtu anayekwenda kulala kwenda kwa mtu anayeingia kazini, na wakati mwingine kilichomo ndani yake ni uhai wa huyo wa pili.

Siku hizi kadi nyingi zimehamia kwenye kompyuta na simu, na mimi nafurahi. Picha ya sili iliyokatika inasema zaidi ya mstari mmoja wa maandishi, na historia ya pampu ya miaka kumi inapatikana bila kufukua majalada yenye vumbi. Lakini programu haina sikio. Nimeona orodha za kuchagua sababu ambamo nusu ya mafundi wamebofya "nyingineyo" kwa kuwa ndilo neno lililo karibu na kidole. Uaminifu wa yule anayeandika hauwezi kununuliwa pamoja na programu. Huo hujengwa, na najua unavyojengwa, kwa sababu nimeuona ukijengwa: kwa kujibu.

Yule kijana, aliporudi kazini baada ya Jumatano ile, alikuta nakala ya kadi yake imebandikwa ubaoni karibu na pampu, ikiwa na maelezo ya mafundi chini yake na mstari mmoja wa Mzee wa Kadi: "Matone uliyoyaandika ndiyo yaliyotuonyesha." Aliisoma mara mbili. Mwendeshaji anayeandika kadi tatu zikapotelea kusikojulikana hataandika ya nne; atausikia mkwaruzo na kunyamaza, na hutamlaumu. Anayejibiwa hata mara moja huanza kusikia zaidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye viwanda, wakubwa kwa wadogo, wa sukari, wa saruji, wa nguo na wa unga. Mpeni mpangaji wa kazi kiti chake na mwacheni akikalie. Siku fundi akiugua, msimchomoe mpangaji kwenda kushika spana, maana siku hiyo mtakuwa mmepata mikono miwili na kupoteza macho ya wiki ijayo. Wafundisheni waendeshaji kuandika wanachokisikia bila kuwadai sababu. Wapeni mafundi robo saa ya kuifunga kadi kabla ya kuwapa kazi nyingine, na robo saa hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Kisha someni kadi zilizofungwa, na jibuni.

Na wewe msimamizi wa zamu, ukimkuta kijana amesimama kando ya mtambo unaovuma, bisibisi sikioni na kalamu mkononi, usimwambie arudi kazini. Yuko kazini.